Dabi ya Kariakoo kwa mke na mume wanaotoka mkoani: tiketi, geti na safari ya kurudi

Mkuu, umeuliza hivi: unatoka Dodoma na mkeo, wewe Simba, shemeji Yanga, hamjawahi kukanyaga kwa Mkapa (Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam), na mnataka kujua kama mnaweza kuja dabi na kurudi siku hiyohiyo. Kuja mnaweza. Kurudi usiku uleule sikushauri hata kidogo, na sababu zake utaziona chini.

Kwanza ratiba. Dabi hii inahamishwa. Ile ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku yenyewe ya mechi, watu wa mikoani wameshafika mjini, baada ya mvutano kuhusu Simba kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Ikaja kuchezwa Juni 25, siku ya Jumatano, Yanga wakashinda 2-0. Kwa hiyo usiombe ruhusa kazini wala kulipia chumba kwa kuangalia ratiba ya mwanzo wa msimu. Subiri viingilio vitangazwe, ndiyo dalili kwamba mechi ipo kweli. Chumba chukua sehemu ambayo ukipiga simu kubadilisha tarehe wanakuelewa.

Treni ya SGR kutoka Dodoma ni kama saa tatu na nusu hadi nne. Ukitaka kuja asubuhi ya siku ya mechi, panda ya alfajiri, siyo ya saa nne, kwa sababu ikichelewa kidogo tu mmeingia Dar mchana, na hamjala wala kuweka begi. Begi lenyewe ndilo linaloharibu mipango ya wengi: uwanjani haliingii, na pale nje hakuna mahali pa kuaminika pa kuliacha. Lazima lilale chumbani kwanza. Ndiyo maana napendelea watu wafike jana yake jioni.

Chumba tafuta Chang'ombe, Keko au Temeke, mahali ambapo mtarudi kwa miguu. Wageni wengi hukimbilia Kariakoo kwa kuwa ni karibu na stesheni na vyumba ni vingi. Siku nyingine ni sawa. Usiku wa dabi, klabu zote mbili zina makao yao pale, Simba Msimbazi na Yanga Jangwani, na atakayeshinda atapiga matarumbeta mpaka usiku wa manane. Kama mnataka shamrashamra, hapo ndipo penyewe. Kama mnataka kulala, kaeni mbali.

Tiketi zinakwenda kwa N-Card, kadi ya kielektroniki unayoilipia mechi na kuigusisha getini. Kila mmoja wenu awe na kadi yake, namba yake, malipo yake. Geti linasoma kadi moja na kumpitisha mtu mmoja, na ikishasomwa haisomwi tena, hivyo ile ya "nikiingia nitakurushia kadi juu ya uzio" haipo. Kadi zinunueni siku kadhaa kabla. Malipo yanafanyika kwa simu: unaingia kwenye menyu ya kulipia, unachagua tiketi za mpira, mechi, jukwaa, unaandika namba ya kadi, unaweka namba ya siri. Hakikisha tarakimu moja moja kabla ya kuthibitisha, maana ukikosea moja umemlipia mtu mwingine, na getini kadi yako itakataa huku ujumbe wa malipo unao mkononi. Ujumbe peke yake haufungui geti. Msinunue kwa walanguzi pale nje: anayekuuzia kadi "yenye mechi" hawezi kukuonyesha kama imeshatumika, na wewe utagundua ukiwa umebanwa kwenye foleni.

Jukwaa ndilo swali kubwa kwenu kwa sababu mnashabikia timu tofauti. Mzunguko ndio wa bei ya chini, mara nyingi 5,000 kwa mechi za kawaida. Juu yake kuna Machungwa, jina limetokana na rangi ya viti, halafu VIP C, B na A. Mzunguko siku ya dabi hugawanyika wenyewe, nyekundu huku, kijani na njano kule. Mkikaa huko, mmoja wenu atalazimika kuvaa nguo ya rangi nyingine kabisa na kunyamaza bao lake likiingia, na sioni raha ya kusafiri kilomita zote hizo ili mke wangu asishangilie. Kwenye VIP watu huchanganyika zaidi na utani hubaki utani. Kwa mke na mume wa timu mbili, ningeongeza hela nikakata VIP C au B, bora nipunguze kwenye chumba.

Kama bajeti ni ya mzunguko, sawa, ila viti havina mwenyewe: anayewahi ndiye anayekaa. Kati ya uwanja na majukwaa kuna njia ya riadha, kwa hiyo safu za chini ziko mbali na mpira na unaona miguu ya wapigapicha na mabango. Pandeni juu, msogee kuelekea katikati. Huko juu pia ndiko paa linakofunika vizuri, safu za chini zinanyeshewa.

Sasa geti, na hapa naomba msome taratibu. Uwanja unabeba watu 60,000, na dabi huujaza. Mei 28, 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger ya Algeria, msongamano wa kuingia ulisababisha kifo na majeruhi wengi. Hatari haiko ndani, iko kwenye zile mita chache za mwisho kabla ya geti, pale foleni inapoacha kuwa foleni ikawa msukumo. Walio nyuma wanasikia kelele za ndani, wanadhani mpira umeanza, wanasukuma. Walio mbele hawana pa kwenda kwa sababu geti linapitisha mmoja mmoja. Dawa yake ni muda. Mechi ikiwa saa kumi na moja jioni, muwe mmeketi saa nane. Mkikuta msukumo umeshaanza, rudini nyuma kabisa, nendeni geti jingine au subirini upungue. Kukosa dakika 20 za mwanzo ni hasara ndogo.

Mkiwa kwenye foleni, shemeji atangulie, wewe nyuma yake, kadi mkononi na siyo ndani ya pochi. Upekuzi wa wanawake hufanywa na askari wa kike, kwa hiyo mtatenganishwa hapo. Kubalianeni kabla: atakayemaliza anasubiri hatua chache baada ya geti, ukutani, hapandi ngazi. Usitegemee kupiga simu. Maelfu ya watu wakiwa kwenye minara ileile, simu inaonyesha mtandao lakini haitoki, na pesa ya simu nayo inagoma. Bebeni noti ndogondogo, za 1,000 na 2,000, mfuko wa mbele. Mkoba wa shemeji uwe mdogo. Chupa za maji, miavuli yenye ncha na manukato ya chupa mtaambiwa muache.

Kuleni kabla ya kuingia. Nje kuna mihogo ya kukaanga, mishikaki, mayai ya kuchemsha, karanga, na kachumbari ya kutosha. Ndani vitu ni vichache na bei imepanda. Ukitoka nje kununua, hutarudi ndani. Msalani nendeni dakika ya 35 hivi. Mapumziko yakifika foleni itakula mpaka mwanzo wa kipindi cha pili.

Kutoka ndiko kunakowachosha watu kuliko mechi yenyewe. Timu moja ikizidiwa sana, kama Simba walivyofungwa 5-1 na Yanga Novemba 5, 2023, mashabiki wa upande ule huanza kutoka kabla ya filimbi, halafu wenzao hubaki wakiimba. Hayo ni mawimbi mawili, na mkikaa tuli dakika 30 baada ya mpira kwisha yatakuwa yote yamepita. Msipande bajaji pale mlangoni. Barabara za kuzunguka uwanja hufungwa au hujaa, bajaji inasimama palepale huku umeshakubali bei ya juu. Tembeeni na kundi mpaka Barabara ya Kilwa, kituo cha Uhasibu, au upande wa Chang'ombe kupitia karibu na chuo cha DUCE, ndipo mtafute usafiri, na bei mkubaliane kabla ya kukaa. Sasa weka hesabu: filimbi ya mwisho kama saa moja usiku, kutoka ndani nusu saa, kutembea, foleni ya magari mpaka stesheni, na treni inataka ufike mapema kwa ukaguzi wa mizigo. Haitoshi, na tiketi ya treni iliyokupita ni hela iliyokwenda.

Kateni ya kesho yake, siyo ile ya kwanza ya alfajiri. Kitambulisho ulichokatia tiketi kiache chumbani, uwanjani nenda na kadi ya mechi, simu na hizo noti ndogo.