Usifute biopsi ya mama kwa ajili ya chupa ya damu

Dada wa Kisauni, miadi ya Jumanne usiifute! Umeandika mama ana uvimbe titini, daktari anataka kumdunga sindano atoe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe (ndiyo biopsi), nanyi mwaona heri mpeleke damu India kwa sababu mmesikia kuna biopsi ya damu isiyoumiza, ya kutafuta saratani kwenye damu tu. Ukauliza bei, siku za kungoja, na kama yafaa kufuatilia baada ya matibabu. Nimesoma mwili ukanisisimka. Hao ni sisi, miaka mitatu nyuma.

Kakangu alipigwa skani, kikaonekana kivimbe pafuni. Daktari akasema sindano. Nyumbani Majengo mashangazi wakakataa katakata: saratani ikiguswa na chuma husambaa. Ndipo akaja bwana mmoja, kazi yake kupeleka sampuli nje, shati limepigwa pasi, akatuapia kwamba kipimo chake kinaona kila kitu. Tukauza pikipiki. Damu ikatolewa Ijumaa, ikalala kwenye friji lake mpaka Jumatatu ndipo ikapanda ndege. Majibu: hakuna kilichoonekana. Tukachinja mbuzi, tukasoma dua, sindano tukaifuta. Miezi mitano baadaye kaka anakohoa damu kwenye foleni ya feri Likoni. Sindano tuliyoikimbia akadungwa hatimaye, na saratani ilikuwa imeshafika mifupani.

Nilimpigia yule bwana. Akanambia nisome ukurasa wa mwisho. Kweli, kwa herufi ndogo: majibu haya hayaondoi uwezekano wa saratani. Alilijua hilo siku anahesabu pesa zetu, akanyamaza. Sijamsamehe, na wasimamizi wa jukwaa hili wakinifungia kwa ukali huu nitafungua akaunti nyingine nirudi kuandika hayahaya.

Daktari aliyempokea kaka ndiye aliyenifahamisha. Uvimbe wa saratani hudondosha kwenye damu vipande vya DNA yake, ile chembe ya urithi iliyo ndani ya seli, na vipande hivyo hudumu saa chache tu. Kivimbe kidogo hudondosha vichache mno, navyo vinaogelea katikati ya vipande vingi vya seli zisizo na saratani. Ile chupa ya kawaida ya kifuniko cha zambarau yatakiwa kuzungushwa kwenye mashine ndani ya saa chache. Ikicheleweshwa, seli nyeupe hupasuka, zikamwaga DNA yao, na kile kidogo cha saratani kikazama humo. Zipo chupa maalumu zinazohimili siku kadhaa. Yetu ilikuwa ya zambarau, siku tatu!

Na hata ukifanya yote sawasawa: kile kipimo cha Galleri cha Marekani, kinachotafuta saratani za aina zaidi ya 50, katika utafiti wake mkubwa uliochapishwa 2021 kiliziona asilimia 16.8 tu za saratani za hatua ya kwanza. Za hatua ya nne, zilizokwisha kusambaa, asilimia 90. Yaani pale mama anapoweza kupona kabisa ndipo kinapokosa zaidi.

Huko Marekani kwenyewe, Juni 2016 mamlaka ya dawa, FDA, ilipoidhinisha kipimo cha damu cha kutafuta badiliko la jeni ya EGFR, linaloonyesha dawa ipi itamfaa mgonjwa wa saratani ya mapafu, iliweka sharti kwamba damu isipoonyesha kitu, mgonjwa arudi kwenye kinyama. Sharti hilo ndilo nalokupa: damu ikisema ipo, mna pa kuanzia, ikisema haipo, haijasema kitu.

Kufuatilia ndiyo, huko yafaa. Kaka alipokwisha kujulikana ana badiliko hilo la EGFR akaanza vidonge. Vilipoacha kufanya kazi damu yake ikaonyesha badiliko jingine, T790M, linaloufanya uvimbe usisikie vidonge vile, akabadilishiwa dawa bila kudungwa tena pafu. Tulipata miezi mingi naye kwa hilo. Lakini maabara ilikuwa tayari yajua inatafuta nini, kwa sababu ya kile kinyama.

Mwambie mama hudungwa ganzi kwanza. Jumanne nenda naye wewe mwenyewe, na mashangazi wabaki nyumbani.