Duka la bangi ya tiba Oklahoma: kabla hujatoa hela

Kaka, umesema una grinikadi, uko Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani, miezi minane, na rafiki anataka mfungue duka la bangi ya tiba. Wewe utoe mtaji, yeye atoe jina. Ngoja kwanza.

Oklahoma ilisimamisha leseni mpya za mashamba, usindikaji na maduka tangu Agosti 2022, na muda ukasogezwa hadi Agosti 2026. Anayekuahidi leseni "ya haraka" muulize anaipata wapi. Ada ya maombi ya dola 2,500 ndiyo sehemu rahisi. Sheria inataka asilimia 75 ya umiliki iwe ya wakazi wa jimbo, na ukazi wenyewe ni miaka miwili mfululizo kabla ya kuomba. Kuazima jina la mwenyeji ndiko kulikowafikisha wengi mahakamani kule.

Ila kinachonitisha zaidi ni uraia wa Marekani utakaouomba baadaye. Kwa serikali kuu bangi bado ni kosa, na tangu 2019 idara ya uhamiaji imesema wazi kwamba kujihusisha nayo, hata kazini na kwa leseni ya jimbo, kunaweza kukukwamisha kwenye ombi la uraia. Muone wakili wa uhamiaji kabla ya wakili wa biashara.