Maswali ya Wasomaji: Ndege anayejificha kwenye majani ya mifugo

SWALI: Januari tukifyeka shamba lililopumzishwa, aliruka ndege wa kahawia karibu kabisa na miguu yetu. Mabawa rangi ya kutu, miguu inaning'inia. Akatua hatua chache mbele, tukamtafuta tusimwone. Ni kware? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Kware haning'inizi miguu hivyo. Yaelekea mlikutana na kreksi, Crex crex, wa jamii ya kukuziwa. Huzaliana Ulaya na Asia, kisha huwa Tanzania, Zambia na Kongo kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Yupo kukuziwa wa kwetu anayefanana naye, ila mbavu zake zina milia iliyokolea ya nyeusi na nyeupe, na mabawa hayana wekundu ule. Msingoje sauti, maana huku hunyamaza karibu msimu wote. Wala hatagi huku, kwa hiyo hakuna kiota cha kulinda. Fyekeni kutoka upande mmoja mkielekea kwenye majani mengine marefu, na mbwa wafungwe.

SWALI: Nasikia Uskoti, ili kumlinda kreksi, mkulima hulipwa akichelewa kukata hei (majani ya kukaushia mifugo) na akianzia katikati ya shamba. Kuchelewa naelewa. Katikati kuna nini? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Jike la kreksi hutaga mayai 8 hadi 12 chini ardhini, huatamia peke yake siku 16 hadi 19. Vifaranga hutoka kiotani ndani ya siku moja au mbili, lakini kuruka ni mpaka wiki kama tano. Wakifikisha siku 12 hivi mama huwaacha, akataga tena. Na lazima atage mara mbili, kwa kuwa ndege wakubwa wanaonusurika mwaka hadi mwaka hawafiki theluthi. Sasa, hata mkulima akisubiri hadi 1 Agosti, wengi wa uzao wa pili bado hawajui kuruka. Wakubwa nao huwa wamepukutisha manyoya ya mabawa msimu huohuo. Tarehe peke yake haiwaokoi.

Kreksi hathubutu kuvuka mahali peupe. Trekta ikianza ukingoni na kuzunguka kuelekea ndani, majani yaliyobaki yanazidi kusinyaa na familia nzima inakutwa na visu kwenye mkanda wa mwisho. Hivyo kata kwanza ncha mbili za shamba upate pa kugeuzia, ingia katikati ufungue mkanda mmoja, kisha zunguka ukitanuka kuelekea kingoni. Palipo na maficho upande mmoja tu, anzia upande wa pili. Mikanda ya mwisho punguza mwendo, na pembeni acha mita chache zisizokatwa. Dereva hodari wa usafi ndiye anayeharibu hapa: akifyeka na ule ukanda wa pembeni, kazi yote imepotea.

Upande ambao wengi husahau ni mwanzo wa msimu. Ndege hufika kuanzia katikati ya Aprili, hei ikiwa bado fupi, nao wanataka kimo cha sentimita 20 au zaidi. Visiwani Hebrides, magharibi mwa Uskoti, hujificha kwenye airisi za njano (mimea ya maua ya mahali penye majimaji) na kwenye mmea ule unaowasha, thabai ya Wakenya. Thabai hupandwa kwa kufukia mizizi yake kwenye kona yenye samadi iliyooza, na mifugo huzuiwa isiingie kuanzia majira ya kuchipua. Baridi ikianza, ng'ombe waingie wale, la sivyo majani makavu hulundikana chini na ndege hapiti. Vivyo hivyo nyasi iliyokolezwa mbolea hadi ikalala. Mwili wa kreksi ni mwembamba wa kupenya kati ya mashina, hauna nguvu ya kusukuma zulia.

SWALI: Kwa nini wasiwazalishe kreksi vizimbani na kuwaachia? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Imefanyika. Kuanzia 2003 vifaranga waliolelewa katika bustani ya wanyama ya Whipsnade waliachiwa kwenye hifadhi ya Nene Washes, mashariki mwa Uingereza. Husaidia pale tu ambapo hei inakatwa kwa utaratibu tulioueleza. Kwingine ni kulisha mashine. Hesabu hufanywa kwa masikio, kati ya saa sita na saa tisa usiku, dume akikoroma “kreks-kreks” kama chanuo likikwaruzwa kwa ukucha. Mwaka 1993 madume waitao Uingereza nzima, Uskoti ikiwamo, hawakufika 500, mwaka 2014 walizidi 1,200, na kufikia 2019 walishuka tena chini ya 900. Duniani kwa jumla hayumo hatarini, kwa sababu Urusi bado wapo wengi.