Vistori vidogo vya nyumbani, tusiviache vipotee

Kwenye familia yetu na kwa marafiki zangu wa karibu nimeona kitu kimoja, tukikutana habari kubwa zinaisha haraka sana, nani kapata kazi, nani kahama, dakika tano zimekwisha, alafu ndo tunaanza vile vistori vidogo vidogo na hapo hakuna anayetaka kuondoka. Mi naviheshimu sana hivi vistori na naomba na wewe uanze kuvitunza, ntakwambia yaliyonisaidia.

Mama mdogo ana stori yake ya simu. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja siku nyingi, siku hiyo akachoka, akashika simu ampigie dada yake alalamike kidogo, ile simu kupokelewa tu akaanza, huyu mwenye nyumba ni mtu wa namna gani, tarehe ya kodi anaijua ila bomba halijui, maji yatatukuta kitandani, akashusha yote mpaka pumzi ikamwishia. Upande wa pili kimya. Alafu sauti ya kiume ikasema taratibu, "Nimekusikia mama, kesho asubuhi fundi anakuja." Kumbe kampigia mwenye nyumba mwenyewe! Na fundi alikuja kweli.

Ukiitazama haraka utasema hapo hakuna jambo, bomba limetengenezwa basi. Lakini mimi nikiisikia namwona mama mdogo mzima mzima, haraka yake, mdomo wake, na vile asivyoweza kuvumilia mtu akionewa hata kama anayeonewa ni yeye. Hakuna picha yake hata moja inayonipa hivyo.

Sasa la kwanza, uliza kitu kidogo. Ukimwambia mtu mzima "nisimulie maisha ya zamani" atakujibu yalikuwa magumu, au yalikuwa mazuri, imeisha hiyo. Mimi nilimuuliza mama mdogo, wakati unaongea na simu mkono mwingine ulikuwa umeshika nini? Akafikiri, akasema alikuwa kabana bomba kwa kipande cha gauni la zamani, alafu akanyamaza kidogo, akaniambia lile gauni ndo alilovaa siku ya usaili wake wa kwanza wa kazi, aliliazima kwa rafiki yake na rafiki akamwambia baki nalo. Hiyo stori hakuna aliyekuwa anaijua, hata watoto wake, na imetoka kwenye swali la mkono tu.

La pili, usimsahihishe mtu katikati. Kaka yangu anasema simu ile ilichukua nusu saa, dada anasema mwenye nyumba alicheka, mama mdogo anakataa yote mawili, na nimeona vikao vikiharibika kabisa kwa ubishi wa namna hii. Mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, alichapisha mwaka 1932 majaribio yake ya kuwapa watu hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini waisome kisha waisimulie tena baada ya muda, wakawa wanaifupisha, wanaacha wasichokielewa, na wanaingiza vitu walivyovizoea, mitumbwi ikageuka boti, kuwinda sili, yule mnyama wa baharini, kukageuka kuvua samaki. Hawakuwa wanadanganya, kumbukumbu ndivyo inavyofanya kazi, inajengwa upya kila tunapoitumia. Kwa hiyo mwache kaka aseme yake mpaka mwisho, dada naye aseme yake, na kama unaandika andika zote na jina la msimuliaji pembeni.

La tatu hili ndo linaniuma zaidi, stori ina mwenyewe. Kuna ndugu yetu mmoja alisimuliwa mambo yake ya utotoni, ya kukojoa kitandani, mbele ya mchumba wake aliyekuja kutambulishwa, watu wakacheka, yeye akatabasamu, na baada ya hapo kwenye vikao vyetu hakuonekana muda mrefu. Kicheko cha watu kumi hakilipi aibu ya mmoja. Kama stori inamvua mtu nguo muulize kwanza, pembeni, na akisema hapana ujue ni hapana, usimwambie "mbona ni utani tu". Kwenye grupu la WhatsApp ndo uwe makini zaidi, na stetasi vilevile, yenyewe inafutika baada ya saa 24 lakini aliyeshapiga skrinishoti anayo.

Kurekodi ni rahisi sana siku hizi, omba ruhusa, weka simu mezani, endelea na maongezi, alafu siku hiyohiyo lipe faili jina, nani anaongea, kuhusu nini, tarehe gani, na weka nakala sehemu nyingine nje ya simu maana simu zinaibiwa na zinakufa.

Watoto nao wawepo, jamani. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani waliandaa mwaka 2001 maswali 20 ya kuwauliza watoto kuhusu familia zao, mfano unajua wazazi wako walikutanaje, unajua jambo lolote baya lililowahi kuipata familia yenu, wakaona watoto wanaojua mengi wanajithamini zaidi. Ila haina maana umkaririshe mtoto majibu, Duke mwenyewe alieleza kuwa hilo halisaidii, kinachohesabika ni vile vikao ambavyo stori hupitia. Kwa hiyo usiwafukuze wakacheze kila wakubwa wakianza kuongea, na za huzuni pia wasikie kwa kiasi cha umri wao.

Alafu muangalie yule asiyesema. Tulikuwa na mjomba tunayeamini hana stori kabisa, mpaka shangazi akagundua kwamba kila mjomba akifungua mdomo kuna mtu anamdakia na kumalizia sentensi yake. Mjomba anaongea polepole, anapumzika katikati, na sisi tulikuwa tunadhani kamaliza. Ukikaa na mtu wa hivyo, akinyamaza usijaze pale, hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo, mara nyingi hufiki saba kabla hajaendelea.