Damu ya tumboni haionekani kwenye pedi

Wengi walioniandikia safari hii wanauliza yale yale: mwanamke amezidiwa nyumbani, gari la wagonjwa halijafika, tufanye nini? Nimechukua maswali matano.

Mdogo wangu alilalamika bega usiku kucha, tukamkanda. Asubuhi akazimia, na hospitali wakasema mimba imetunga nje ya kizazi. Bega linahusianaje na mimba?

Pole sana, dada. Wengi huponzwa na bega hilo. Mimba ikitunga kwenye mrija wa uzazi, mrija hauna nafasi ya kutanuka. Mara nyingi dalili huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, pengine mwenyewe hajui kuwa ni mjamzito. Mrija ukipasuka, damu humwagika tumboni na kugusa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Neva ya kiwambo hicho inatokea shingoni, jirani na zile za bega, basi ubongo hudhani ni bega linalouma.

Kwenye pedi huenda ukaona matone tu. Msipime hatari kwa pedi. Mwenye siku zilizochelewa, maumivu ya tumbo na kizunguzungu alazwe chali, miguu iinuliwe, afunikwe asipate baridi, na safari ya hospitali ianze. Asile wala asinywe, hata ile chai ya kumtia nguvu, kwani huenda akaingia chumba cha upasuaji ndani ya saa moja. Midomo ikikauka, ilowesheni kwa kitambaa chenye maji. Na tafadhali msimsimamishe "tuone kama ataweza kutembea".

Mashine ya presha nayo isiwadanganye. Mwili wa kijana hujikaza. Presha huweza kubaki nzuri mpaka amepoteza karibu asilimia 30 ya damu yake. Shika kiganja: kina baridi na jasho? Hesabu mapigo ya moyo: yamepita 100 kwa dakika naye amelala tu? Hayo yanatangulia presha kushuka.

Pedi ngapi ndiyo nyingi?

Pedi kubwa ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, na inayofuata vivyo hivyo, usingoje ya tatu. Akiona kizunguzungu, usingoje hata hiyo ya pili. Usizitupe, zifunge kwenye mfuko uende nazo, maana "damu nyingi" ya mtu mmoja ni kidogo kwa mwingine. Usisokomeze kitambaa ukeni: damu itajikusanya nyuma yake na hutajua inatoka kiasi gani. Asimeze aspirini, huzidisha kutoka damu. Ikiwa ni mimba inayotoka, kilichokwisha kutoka kiweke kwenye chombo safi uende nacho. Kinachoning'inia usikivute.

Binti yangu wa miaka 15 alishikwa na tumbo ghafla upande mmoja, akatapika. Bibi yake akasema ni chango. Maumivu yakapoa, tukarudi nyumbani kabla ya kufika hospitali. Yakarudi kwa kishindo.

Huenda ovari, kiungo kinachotoa mayai ya uzazi, ilijisokota. Hilo huwapata zaidi wenye uvimbe kwenye ovari, na msokoto huweza kulegea kidogo kisha ukakaza tena, ndiyo maana maumivu huja na kuondoka. Ovari iliyokatiwa damu hufa kadiri saa zinavyopita. Kwa hiyo maumivu yakipoa njiani, msigeuze gari. Kama yalikuwa upande wa kulia, hata kidole tumbo hufanana hivyo. Waachieni wenye vipimo watofautishe.

Rafiki yangu amebakwa na anataka kuoga. Nimzuie?

Mweleze, usimlazimishe. Akiweza, asioge wala asibadili nguo kabla ya kupimwa. Alizokwisha kuvua ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Hata akishaoga, aende. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ina faida. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Ikiwa anatoka damu au ana jeraha, hilo linatangulia yote. Usimhoji, mambo hayo atayaeleza mara moja, kwa wanaohusika.

Kwa nini wahudumu wa gari walimuuliza binti yangu, mbele ya baba yake, kama ana mimba?

Kuuliza ni lazima: mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo au aliyezirai, sisi wahudumu wa gari la wagonjwa tunamhesabu ana mimba mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Walichokosea ni mahali pa kuulizia. Mbele ya baba, binti gani atasema ndiyo? Mimi humwomba mzee akatumulikie njia ya kupitisha machela, kisha nainama sikioni mwa mgonjwa: "Mara ya mwisho kuziona siku zako ilikuwa lini, mwanangu?"