Injini ya maji moto inagoma kuzunguka: maswali yenu na majibu ya fundi

SWALI: Fundi shikamoo. Mi niko kidato cha tatu hapa Arusha. Nimetengeneza injini ya Stirling, inayozungushwa na hewa inayotanuka ikipata joto na kusinyaa ikipoa, ile ya kuweka juu ya kikombe cha maji moto, chini na juu nimeweka vipande vya alumini nilivyokata kwenye mfuniko wa sufuria ya zamani, ubavu ni plastiki, displesa, yaani kile kipande kinachopanda na kushuka ndani kuhamisha hewa, ni lile povu jeupe la kwenye boksi la TV, pistoni ni puto nimelifunga kwenye mdomo wa chupa iliyokatwa wenye upana wa sentimita 4, flaiwili, lile gurudumu la kuendeleza mzunguko, ni CD mbili. Chumba kina upana wa sentimita 12 na displesa inapanda sentimita 1. Kranki ya puto, ule waya uliopinda unaozungusha CD, nimeipa mwendo wa sentimita 2 ili iwe na nguvu. Nikiisukuma inazunguka nusu raundi inarudi nyuma. Nimebadilisha maji mara sita, nikaweka hadi juu ya jiko la mkaa na povu likayeyuka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kuandika vipimo, wengi wananiandikia tu "haizunguki" halafu nabaki nabahatisha. Kwanza toa kabisa hayo mawazo ya kuongeza moto. Arusha iko juu, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, na hiyo inatosha na inabaki. Injini hizi zimeundwa zifanye kazi na joto dogo, Profesa Ivo Kolin wa Zagreb aliionyesha ya kwanza Dubrovnik mwaka 1983, akafuata James Senft wa Marekani ambaye alipunguza punguza mpaka mwaka 1990 akawa na injini inayozunguka kwa tofauti ya nusu digrii tu kati ya juu na chini. Nusu digrii! Hakuongeza moto, alipunguza msuguano. Na wewe kazi yako iko hapohapo.

Ila kosa lako kubwa nimeliona kwenye vipimo. Hewa ya chumbani ikipata joto haivimbi sana, wajenzi wana hesabu rahisi: chukua tofauti ya joto kati ya sahani mbili, gawa kwa 1100, hapo unapata hewa itatanuka kwa sehemu gani. Tuseme tofauti yako ni digrii 50, inakuja kama asilimia 4 na nusu. Displesa yako inasukuma hewa ya sentimita za ujazo 113 hivi, kwa hiyo pistoni inatakiwa imeze 5 tu. We umeipa 4 kwa upana na mwendo wa 2, hiyo ni 25! Yaani unaiambia hewa ifanye kazi mara tano ya uwezo wake, lazima ikurudishe nyuma. Tumia mdomo wa sentimita 3 na mwendo wa milimita 7, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Jambo la pili ni puto lenyewe, karibu kila mtu analivuta likakaza kama ngoma. Usilivute. Liache lilegee, libonyee lenyewe kama shuka iliyotupwa kitandani, maana puto lililokaza linakula nguvu yote kabla haijafika kwenye kranki.

Baada ya hapo usikimbilie kuunganisha. Chomoa mkono wa puto, weka maji moto, subiri dakika mbili, halafu shika waya wa displesa kwa vidole uipandishe na kuishusha polepole. Displesa ikipanda hewa inakimbilia chini kwenye joto na puto linainuka, ikishuka puto linazama. Usipoona puto likihema hivyo basi una uvujaji, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni pale waya unapopita kwenye sahani ya juu. Mimi ya kwanza niliyotengeneza ilinisumbua wiki tatu nzima, nikabadilisha CD, nikabadilisha kranki, nikakaribia kuivunja, mpaka siku nilipopaka maji ya sabuni pale juu na kubonyeza puto kidogo, nikaona kipovu kimoja kidogo kama punje ya mtama kinakua pembeni ya waya, kinapasuka, kinakuja kingine. Tundu lilikuwa kubwa mno kwa waya. Nikatafuta sindano nene ya kuchanjia ng'ombe, nikaikata, nikaigandisha kwa gundi iwe mrija, waya unapita humo bila kubana wala kucheza. Usipake grisi, inanata, tone moja la oili ya cherehani linatosha.

Kingine, acha nafasi ya milimita 1 au 2 kati ya povu na ukuta, ikigusa hata upande mmoja basi imeisha. Kranki mbili zipishane robo raundi. Na displesa ina uzito, kwa hiyo gundisha nati ndogo upande wa pili wa CD, mpaka injini ikiwa baridi ukiiachia popote isimame hapohapo bila kujirudi.

SWALI: Asalaam aleikum fundi, mie niko Mombasa. Yangu yazunguka vizuri sana dakika kama tano hivi kisha yafa, na maji bado ni moto. Ubavu nimetumia kopo la maziwa.

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Ni hilo kopo. Chuma kinapandisha joto kutoka chini mpaka juu, sahani mbili zikilingana joto injini haina tena cha kula, hata maji yachemke vipi. Badilisha, kata pete kwenye bomba la plastiki. Na huko kwenu hewa yenyewe ni digrii 32, kitambaa kibichi juu kitasaidia kidogo tu kwa vile unyevu ni mwingi, barafu ndiyo dawa. Tena jaribu hii: achana kabisa na maji moto, weka injini juu ya bakuli la barafu. Sasa juu ndiko kwenye joto, na itazunguka kinyume na ulivyozoea. Nimeshawaonyesha watoto wa jirani mara nyingi na bado mwenyewe nainama kuitazama.

SWALI: Naweza kuchaji simu nayo?

JIBU: Hapana. Hata ingekuwa haina msuguano kabisa, kati ya sahani ya digrii 80 na ya digrii 30 huwezi kupata zaidi ya asilimia 14 ya joto kuwa kazi, na ya kwetu ya puto na CD inapata kipande kidogo mno cha hiyo. Hata chaja ndogo ya simu inatoa wati 5, injini ya kikombe inatoa sehemu chache tu za elfu za wati moja.