Kabla ya stethoskopu, nunua saa yenye mshale wa sekunde

Juzi nimekutana na vijana watatu dukani, hapa Ngamiani, Tanga, wanachagua sare. Wako mwaka wa kwanza wa uuguzi na mwezi ujao wanaingia wodini kwa mara ya kwanza. Walikuwa wanabishana stethoskopu ipi inunuliwe. Mmoja akaniuliza, "Dada, wewe ungechukua ipi?" Nikamjibu kwamba stethoskopu ataazima, anunue kwanza saa yenye mshale wa sekunde, ya bei yoyote ile, ilimradi mshale uonekane vizuri. Nilikuwa nawahi zamu, sikupata nafasi ya kumweleza sababu. Sababu ndiyo hii.

Mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa wodi ya wanaume. Kazi yetu wanafunzi kila asubuhi ilikuwa kuchukua vipimo: joto, mapigo ya moyo, presha na pumzi. Wagonjwa ishirini na kitu, sisi wawili, na madaktari wanaanza raundi saa tatu. Joto unasoma kwenye kipimajoto, presha unasoma kwenye mashine. Pumzi haina mashine pale kitandani. Inataka usimame dakika nzima unatazama kifua cha mtu huku muda unakwenda. Nikapekua karatasi za siku zilizopita nikaona kila mgonjwa kaandikiwa 20. Usiku 20, mchana 20, aliyevunjika mguu 20, anayeumwa kifua 20. Nami nikaandika 20, kitanda baada ya kitanda.

Kitanda cha dirishani alilala mvuvi mmoja wa upande wa Pangani, mtu mzima, mkimya. Nilipomuuliza, "Umeamkaje, baba?" alinijibu, "Alhamdulillahi," nikapita. Sista wa zamu alikuwa anakuja nyuma yangu, mama wa makamo ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Akaichukua ile karatasi, akamtazama mzee, akaniuliza, "Umemhesabu?" Nikanyamaza. Akavua saa yake akaniwekea kiganjani. "Hesabu. Dakika nzima. Na asijue."

Nikamshika mzee mkono kama ninayemhesabu mapigo, macho nikayaweka kifuani. Ndipo nikaona ambayo yalikuwepo tangu mwanzo. Kifua kinapanda na kushuka upesi upesi, matundu ya pua yanatanuka, na juu ya mtulinga ngozi inabonyea kila anapovuta hewa. Jibu lake la "alhamdulillahi" nalo lilikuwa limekatika katikati, na mimi sikulisikia. Mshale ulipomaliza mzunguko nilikuwa nimefika 36. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Joto lake lilikuwa limepanda kidogo tu, presha haikuwa na neno. Haikupita muda akawa kwenye oksijeni, daktari kaitwa, kapelekwa picha ya kifua. Ilikuwa nimonia. Baada ya siku kadhaa alitoka kwa miguu yake, akaniaga kwa jina. Mimi nilikuwa nawaza ile 20 niliyomwandikia, ambayo ingemwacha pale dirishani mpaka jioni.

Kwa hiyo wadogo zangu, jambo ninaloliomba kwenu kuliko yote ni hili: usiandike usichokipima. Kama hukuwahi, acha wazi, au andika kwamba hakijapimwa na useme kwa nini. Nafasi iliyo wazi itamshtua mtu aje kupima. Namba ya uongo inamwambia daktari, sista na wa zamu ya usiku kwamba wasihangaike, mambo ni shwari.

Pumzi ihesabuni dakika nzima, kwa sababu ukihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kosa lako nalo limezidishwa. Msimwambie mgonjwa, maana mtu akijua anatazamwa anavyopumua, hubadilika hapo hapo. Mtoto mhesabuni akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Miezi 2 hadi 11 ni kuanzia 50, na mwaka 1 hadi 5 ni kuanzia 40. Namba hizi ziwakae kichwani kama namba zenu za simu, kwa sababu mara nyingi pumzi hubadilika mapema, presha ikiwa bado inaonekana nzuri.

Kwenye presha, mpeni mtu nafasi. Mama aliyeendesha baiskeli kutoka Mikanjuni, jasho linamtoka, hapimwi palepale anapoketi. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono uwe usawa wa moyo, na msizungumze wakati mashine inafanya kazi. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa baibui. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene hukupa presha kubwa kuliko iliyopo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa kwa sababu ya mkanda.

Kuna jambo la huku kwetu pwani ambalo darasani sikufundishwa. Bi harusi, au mama aliyetoka harusini, anakuja vidole vimejaa piko. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kinafanya kazi kwa kupitisha mwanga, na piko nyeusi au rangi nzito ya kucha inaweza kuuzuia. Kifaa kitakataa kusoma, au kitasoma ovyo. Tafuta kidole kisicho na rangi. Na usitegemee kucha kumwangalia kama amepungukiwa damu au amekuwa wa buluu, angalia ndani ya kope la chini na ulimi. Kabla ya kumfunua popote, vuta pazia na umwombe ruhusa. Mgonjwa aliyestahiwa atakuonyesha hata kidonda alichokuwa anamficha mwanawe.

Nije kwenye majina, maana hapa nusura nimdhuru mtu.

Tanga yetu ina akina Mwanaidi, Mwanahamisi, Juma na Hamisi wasiohesabika, na wodi moja inaweza kuwa na wawili wenye jina moja na baba wa jina moja. Nilikuwa na trei ya dawa, nikamfikia bibi mmoja, nikamwamkia shikamoo, nikamtajia jina lililoandikwa kwenye karatasi: "Ndiye wewe, bibi?" Akaniambia, "Naam, mwanangu," na akakinga kiganja. Mkononi nilikuwa na kidonge cha kushusha sukari, glibenklamidi ya mg 5. Binti yake, aliyekuwa anamimina uji, akageuka. "Mama hana sukari, sista. Mwenye sukari yule pale." Bibi hakuwa amekula tangu jana yake. Kidonge kile kingeweza kumshusha sukari mpaka akapoteza fahamu.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini aliitikia, akasema hakunisikia vizuri ila hakutaka kuniaibisha mbele za watu. Wazee wetu wamelelewa hivyo. Mtu aliyevaa sare akiwauliza "ndiye wewe?", watasema ndiyo kwa adabu tu. Swali lenyewe ndilo lenye kosa. Muulize ili atamke mwenyewe: "Bibi, niambie majina yako matatu." Kisha linganisha na kitu cha pili, tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili. Namba ya kitanda haihesabiki, maana watu huhamishwa vitanda usiku. Akiwa mzee wa Mkinga anayezungumza Kidigo zaidi, au ametoka Lushoto na Kiswahili kinampa shida, tafuta wa kukufasiria, lakini mfasiri asimjibie.

Baada ya mgonjwa sahihi, kuna dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi, kisha unaandika ukishampa, si kabla. Soma lebo mara tatu: unapoitoa kabatini, unapoiandaa, na ukiwa kitandani kwake. Mwezi wa Ramadhani ongeza swali moja, "Umefunga?", hasa kwa mwenye kutumia dawa za sukari. Wengi hawatakwambia usipouliza.

Hesabu za dozi zisikutishe. Daktari ameandika parasetamo mg 300 kwa mtoto, chupa inasema mg 120 katika kila mililita 5. Gawanya 300 kwa 120, zidisha kwa 5, unapata mililita 12.5. Dripu ya mililita 1,000 iende kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20 gawanya kwa dakika 480, ni kama matone 42 kwa dakika, na hapo ile saa yako inaingia kazini tena. Mpe mwenzako akokotoe kivyake kabla hujamwonyesha jibu lako. Hesabu ikikwambia uvunje vichupa vitano kwa sindano moja, simama, kuna kitu hakiko sawa. Andika 0.5, usiandike .5, kwa sababu nukta ikififia mgonjwa amepata mara kumi. Na kloridi ya potasiamu usiisukume kwenye mshipa kwa bomba la sindano, hata uambiwe na nani. Inaweza kuusimamisha moyo.

Mikono mmeshafundishwa: sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, spiriti ya mikono sekunde 20 hadi 30, na glovu hazichukui nafasi ya kunawa. Mimi naongeza habari moja tu. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona akina mama waliojifungua wanakufa kwa homa ya uzazi zaidi kwenye wodi waliyohudumia madaktari na wanafunzi wao kuliko kwenye wodi ya wakunga. Wanafunzi walikuwa wanatoka kupasua maiti wanakwenda moja kwa moja kuzalisha. Aliwaamuru kunawa mikono kwa maji ya klorini, na vifo vikashuka sana. Walikuwa wanafunzi kama ninyi, wenye nia njema.

Kuhusu sindano, weka boksi lake karibu na mkono wako kabla hujamchoma mgonjwa, usirudishie kifuniko, na boksi likifika robo tatu lifungwe. Chanjo ya homa ya ini B ianzeni kabla ya wodi. Ukijichoma, nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa saa ile ile. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, na zinanywewa siku 28. Mwenzangu mmoja alificha kwa kuogopa kufokewa. Aliniambia siku ya nne, tumekaa ufukweni, analia. Alikaa miezi akirudia vipimo, na ninamshukuru Mungu kwamba alitoka salama, lakini sitaki mwanafunzi yeyote akae pale alipokaa yeye. Ukifokewa utapona siku hiyo hiyo.

Mgonjwa asiyejigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa 2, na kila mnapomgeuza tazameni kiunoni chini, visigino na nyonga. Pakibonyezwa pakabaki pekundu au peusi kuliko ngozi ya jirani, kidonda cha kulalia kimeanza.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, mkiwa bwenini, chukua saa yako. Mwenzako akiwa amezama kwenye simu, mhesabu pumzi dakika nzima bila kumwambia, uandike. Kesho asubuhi rudia akiwa bado amelala, uandike tena, kisha ulinganishe.